Jina Linaloaminika: Mwongozo kwa Fundi Anayejitegemea Nairobi

Fundi akianza kujitegemea hapa Nairobi, maswali huwa yale yale. Nianze na TikTok au Facebook? Nichapishe kadi? Nembo itanigharimu pesa ngapi? Wateja wasionijua nitawapataje? Maswali hayo yanajibiwa hapa chini, ila si kwa mpangilio ambao wengi huutarajia, kwa sababu mambo ya mtandao yanakuja mwishoni.

Mteja wa mji huu ameshaliwa depositi. Ameshaachiwa ukuta uliotobolewa na simu isiyopokelewa. Ameshaambiwa "niko njiani" na mtu ambaye bado yuko kitandani. Sasa anatafuta fundi atakayefika, atakayetaja bei na kuisimamia, na atakayepokea simu kazi ikipata hitilafu. Ukiyafanya hayo matatu, na watu wakayaona ukiyafanya, jina litajengeka. Usipoyafanya, kila picha unayoweka mtandaoni inakuongezea watu wa kukulalamikia.

Mifano mingi hapa ni ya fundi wa stima. Fundi wa bomba, mshonaji, msusi, fundi wa rangi au mrekebishaji wa simu pale Luthuli Avenue atafuata hatua hizi hizi na kubadilisha vifaa tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Laini moja ya simu ya kazi ambayo hutaibadilisha. Isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha shemeji.
- Njia ya kupokea pesa inayoonyesha jina lako au la biashara yako: till ya Lipa na M-Pesa, au Pochi la Biashara, ambayo unaifungua kwa kupiga *334#.
- Daftari gumu, lile kubwa la mistari. Programu ya simu nayo inafaa ukiizoea, lakini daftari haliishi chaji.
- Kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni.
- Karatasi za kazi yako. Jaribio la ufundi la NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani) lina gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni anaweza kulifanya. Waya za stima zinahitaji leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli). Kama huna bado, fanya kazi chini ya mwenye leseni na usimfiche mteja jambo hilo. Kwa kazi za ujenzi kuna NCA (mamlaka ya kitaifa ya ujenzi).
- Cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai). Maombi ni kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), na alama za vidole huchukuliwa kwenye vituo vya Huduma kama kile cha GPO. Anayeingia nyumba za watu asikose karatasi hii.
- Nusu saa kila jioni, kwa muda usiopungua miezi sita.

Usinunue nembo, fulana zenye jina, tovuti wala bango kwa sasa. Pesa hizo nunulia kipimo kizuri cha stima na viatu vya raba.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Sentensi hiyo itaje kazi, mteja na mahali. Kwa mfano: "Natengeneza na kukagua waya za stima kwenye nyumba za kupanga, Umoja, Kayole na Donholm." Imeisha hapo. Usiongeze "na kazi zote za nyumba".

Kosa la kawaida ni kuorodhesha kila kitu: stima, bomba, rangi, kamera, dishi na jipsamu. Mtu akisoma orodha hiyo anaona mtu anayetafuta kibarua chochote, na hawezi kukumbuka amuite kwa shida gani. Ukitaja kazi moja, jirani akiulizwa "unajua mtu wa stima?" jina lako linamjia papo hapo. Kazi nyingine unazoziweza mteja atazijua ukiwa tayari ndani ya nyumba yake.

Mahali nako kuwe halisi. Anayesema anahudumia Nairobi nzima ataitwa Karen asubuhi na Githurai mchana, na kote kuwili atachelewa.

Hatua ya 2: Tumia jina moja kila mahali

Mteja hukukagua pale anapotuma pesa. M-Pesa humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, naye hulisoma. Kama kwenye WhatsApp unajiita jina la biashara, kwenye risiti jina la ubatizo, na kwenye M-Pesa linatokea jina la mtu wa tatu, kidole chake kinasita. Wengine hukatiza hapo hapo wakatafuta fundi mwingine, wala hawatakwambia kwa nini.

Kwa hiyo chagua jina, kisha lioanishe kwenye simu, till, risiti, WhatsApp na mdomoni mwako. Ukitaka la biashara, lisajili kwenye eCitizen kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara. Andaa majina mbadala matatu au manne, maana la kwanza mara nyingi huwa limechukuliwa. Jina lako mwenyewe pamoja na kazi, kama "Otieno Stima", linatosha kabisa kuanzia na ni rahisi kuhifadhi kwenye simu. Epuka maneno kama "Global" na "Solutions" unapofanya kazi peke yako. Mteja akifika akakuta mtu mmoja na begi, anaona amedanganywa kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 3: Bei iwe kwenye maandishi kabla ya kazi

Hapa ndipo majina mengi huvunjika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Usitaje bei kwa simu kwa kazi ambayo hujaiona. Sema: "Nikiona ndipo nitakupa bei kamili. Ukaguzi ni shilingi kadhaa, na tukikubaliana kazi zinaingia kwenye bei." Ukishakagua, tuma kwotesheni kwa meseji, hata kama mteja amesimama mbele yako. Ifanane na hii (tarakimu ni za mfano):

*Habari Mama. Kazi: kuvuta waya mpya wa hita ya bafuni kutoka kwenye boksi la breka.*
*Vifaa: waya wa 6 (mm²), mita 12, breka ya ampea 32, swichi ya hita ya ampea 45. Jumla 5,000.*
*Ufundi: 2,500.*
*Jumla yote: 7,500.*
*Haijumuishi: kupiga plasta na rangi.*
*Siku: Jumamosi, naanza kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, namaliza siku hiyo hiyo.*
*Dhamana: kazi yangu miezi sita. Hita yenyewe iko chini ya dhamana ya duka.*
*Depositi: 5,000 ya vifaa. Salio baada ya wewe kuwasha na kuona.*

Kila mstari una kazi yake. Vifaa na ufundi vimetengwa ili mteja ajue anakulipa wewe kiasi gani. Mstari wa "haijumuishi" huzuia ugomvi wa mwisho wa siku, pale mteja anapoangalia mtaro ukutani na kuuliza rangi utapaka saa ngapi. Nayo depositi inalingana na bei ya vifaa, haizidi. Fundi anayedai nusu ya ufundi kabla ya kuanza, kwa mtu asiyemjua, anafanana na wale waliokwisha kumla.

Halafu kuna cha juu, yaani pesa unayoongeza kimya kimya kwenye bei ya vifaa. Ukinunua waya kwa 3,600 na kumwambia mteja ni 4,800, utapata 1,200 leo. Lakini duka la hadiwea liko mtaani, na bei si siri. Siku moja mteja atapita aulize mwenyewe. Akigundua, hatakupigia kelele. Ataacha tu kukuita, na akiulizwa na majirani zake kuhusu wewe atajibu kwa kubetua midomo. Dawa ni kupandisha ufundi hadharani. Kama 2,500 haikutoshi, sema 3,500, na risiti ya hadiwea umkabidhi mteja mkononi. Chenji ya vifaa irudi hata kama ni shilingi 70. Jambo hili dogo husimuliwa zaidi kuliko kazi yenyewe.

Kazi ikibadilika katikati, simama. Umefungua ukuta ukakuta bomba la waya limeoza? Piga picha, mtumie, andika nyongeza ya bei, na usiguse chochote hadi ajibu "sawa". Kuongeza bei mwishoni bila taarifa, hata kama nyongeza ni ya haki kabisa, hupokewa kama wizi.

Hatua ya 4: Toa muda unaoweza kuutimiza

Jogoo Road asubuhi, Outering jioni, na mvua ya Aprili hazikubali "saa nne kamili". Toa nafasi ya saa mbili: "nitafika kati ya saa nne na saa sita." Ukiona utachelewa, tuma meseji kabla ya ule muda kufika. Ukisema saa tatu na nusu kwamba saa sita itakupita, wewe bado ni mtu wa kuaminika; maneno hayo hayo ukiyasema saa sita na nusu, umemkosea.

Usikubali kazi mbili pande tofauti za mji kwa siku moja. Na usiseme "niko njiani" kama hujapanda matatu.

Hatua ya 5: Weka daftari la wateja

Gawa ukurasa kwa safu: jina, nambari, mahali, kazi, tarehe, bei, vifaa vilivyotumika, dhamana inaisha lini, nani alimtuma kwako. Safu hiyo ya mwisho usiiruke. Baada ya miezi mitatu itakuonyesha watu wachache ambao karibu kazi zako zote zinatoka kwao, na hao ndio wa kutunzwa.

Kisha piga simu mbili. Ya kwanza ni siku saba baada ya kazi: "Hita inafanya vizuri? Swichi haipati moto, hakuna harufu ya kuungua?" Ya pili ni wiki moja kabla ya dhamana kuisha, kumwambia kwamba kama kuna tatizo, aseme sasa. Katika simu hizo usitangaze chochote wala usiombe kazi. Mafundi wengi huogopa kupiga wakidhani wanaamsha malalamiko. Lalamiko lililokufikia wewe kwanza ni rahisi kulimaliza. Lililofika kwanza kwenye kundi la WhatsApp la estate ni shughuli nyingine.

Nambari hizo umepewa kwa ajili ya kazi. Usizitie kwenye makundi, wala usimpe mwenzako anayeuza viwanja.

Hatua ya 6: Piga picha zinazothibitisha kazi

Sasa ndipo tunakaribia mtandao. Kwa kila kazi chukua picha mbili: kabla na baada, kutoka pembe ile ile, mchana, kioo cha kamera kikiwa kimefutwa. Picha ya "baada" peke yake haina maana. Ukuta mweupe wenye swichi unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Kabla hujapiga, omba ruhusa, na uiombe kwa meseji ili ibaki: "Naomba kutumia picha ya swichi hii kuonyesha kazi yangu. Haitaonyesha nyumba wala jina." Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda sura na taarifa za mtu, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kabla ya kuweka picha kagua kona zake zote: uso wa mtoto, nambari ya mlango, kibao cha gari, barua juu ya meza, kioo kinachoakisi chumba. Na usionyeshe kamwe mahali kamera za ulinzi zilipofungwa au jinsi geti linavyofunguka. Unawasaidia wezi.

Chini ya picha andika mistari mitatu: tatizo, sababu, ulichofanya. Hivi:

*Swichi ya hita imeyeyuka. Hita ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 23, na hapa iliunganishwa kwa waya wa 1.5, ambao ni wa taa. Tumevuta waya wa 6 kutoka kwenye boksi na kuipa breka yake yenyewe.*

Mtu akisoma hapo anajifunza kitu kuhusu bafu lake mwenyewe, na anaona kwamba unajua sababu, si kubadilisha swichi tu. Unaweza kuongeza ushauri wa bure: "Ukimaliza kuoga, kausha mikono na usikilize kama swichi inalia au kunuka. Ikiwa hivyo, zima breka na umwite fundi mwenye leseni." Hata asipokuita wewe, umemwepusha na moto, na watu hawasahau aliyewatakia mema.

Onyo: usitumie picha za mtandaoni. Mteja akiuliza "hii ilikuwa wapi?" na ukababaika, hata picha zako za kweli hataziamini tena. Na ukiweka kazi mbovu ya fundi mwingine, eleza kosa bila kumtaja wala kumcheka. Anayekusikia ukimsema mwenzako anajua zamu yake itafika.

Hatua ya 7: Chagua mahali pachache pa kuonekana

Anza na WhatsApp Business, ambayo ni ya bure. Jaza wasifu kwa ile sentensi ya Hatua ya 1, saa za kazi na mahali. Weka kwenye katalogi kazi tano au sita zenye picha zako na bei ya kuanzia. Andaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia. Stetasi hudumu saa 24, na tatu kwa wiki zinatosha. Anayeweka ishirini kwa siku hunyamazishwa. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi hubeba hadi watu 256, lakini humfikia tu aliyehifadhi nambari yako, ndiyo maana mwisho wa kila kazi inafaa kusema, "Hifadhi nambari yangu, kukitokea lolote unipate."

Kisha fungua wasifu wa biashara kwenye Google, nao ni wa bure. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: watataka kuona barabara au mazingira ya mahali, vifaa vyako vya kazi, na ushahidi kwamba biashara ni yako. Rekodi mfululizo bila kukata. Ukishathibitishwa, mtumie kila mteja aliyeridhika kiungo cha maoni siku ile ile ya kazi, ukimwomba ataje kazi aliyofanyiwa. Maoni matano yanayotaja "alibadilisha breka, akarudisha chenji" yana uzito kuliko hamsini ya "kazi poa". Usinunue maoni, wala usiwaambie binamu zako kumi waandike jioni moja. Google hufuta, na wasomaji hugundua kabla ya Google.

Facebook, Instagram, TikTok: chagua mmoja tu, ule ambao wateja wako wanautumia. Mshonaji na msusi watafaidi video. Fundi wa bomba atapata zaidi kwenye makundi ya estate. Katika makundi hayo usitangaze kila asubuhi. Subiri mtu aulize jambo unalolijua, umjibu kikamilifu hadharani, bila kumalizia na nambari yako. Wakikuhitaji wataifuata.

Hatua ya 8: Panda nia njema mtaani

Hii haina mpangilio mkali, lakini bila hii hatua nyingine zote huwa baridi.

Msalimie soja wa getini na keyateka (mtunza jengo) kwa heshima, kila mara, si siku ya kutafuta kazi tu. Fagia ulipochafua, beba mabaki ya waya na boksi zako ukaondoka nazo. Ukikuta skrubu ya soketi imelegea na haimo kwenye kwotesheni, ikaze na umwambie, bila kudai chochote. Kazi isiyo yako mpeleke kwa fundi unayemwamini, bila kumkata asilimia, na umwambie mteja wazi kwamba huyo si mfanyakazi wako. Mwenye duka la hadiwea mlipe siku uliyoahidi. Wateja wake humuuliza fundi mzuri ni nani.

Kukiwa na msiba au mchango, toa kulingana na mfuko wako na utulie. Ukimsaidia ajuza kurudishiwa stima bila malipo, usimweke kwenye stetasi. Habari hiyo watu wa ploti wataisambaza wenyewe, na ikitoka kwao ina thamani ambayo kamera yako haiwezi kuipa.

Keyateka wengine watakuomba chao kwa kukuletea kazi. Ukiamua kumshukuru, iwe kutoka kwenye ufundi wako baada ya kulipwa. Usimbebeshe mteja kwenye bei ya vifaa.

Hatua ya 9: Pokea malalamiko vizuri

Kazi itaharibika siku moja. Namna utakavyojibu saa ya kwanza ndiyo itakayosimuliwa. Meseji ya jibu iwe hivi:

*Pole sana kwa usumbufu, Mama. Tafadhali zima breka iliyoandikwa HITA kwenye boksi na msiitumie hadi nifike. Nakuja leo kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Ukaguzi hauna malipo. Kosa likiwa langu nitarekebisha kwa gharama yangu.*

Angalia mpangilio wake: pole, usalama, muda, gharama. Hakuna utetezi. Kosa kubwa ni kusema "hizo ni waya zenu za zamani" kabla hujaona. Hata kama ni kweli, subiri ufike, ufungue, umwonyeshe kwa macho yake.

Ukigundua kosa ni lako, litaje kwa sentensi moja: "Skrubu ya swichi haikukazwa sawasawa, ndiyo maana ilipata moto. Nimebadilisha." Usizungushe. Ukigundua si lako, eleza sababu, toa bei ya marekebisho kwa maandishi, na umwachie uamuzi. Kisha piga simu ya siku saba tena, kana kwamba ni kazi mpya.

Lalamiko likiwekwa kwenye kundi, jibu hapo mara moja tu: "Nimeliona, nimempigia, nitafika leo jioni." Mazungumzo mengine yaende pembeni. Likishatatuliwa, mwombe mteja aseme kundini kwamba limekwisha. Wengi hukubali.

Ikikwama: shida na dawa zake

*Watu wanauliza bei kisha wananyamaza.* Mara nyingi umejibu kwa tarakimu tupu. Jibu kwa swali kwanza: shida ni ipi, ilianza lini, uko wapi, una picha? Kisha toa kiwango cha bei pamoja na kinachoibadilisha. Ukishatuma kwotesheni, fuatilia mara moja baada ya siku mbili, kisha acha.

*Wateja wanaridhika lakini hakuna anayenipendekeza.* Soma tena Hatua ya 1. Muulize mteja mmoja: "Ukiambiwa umwambie jirani yako mimi ni nani, utasemaje?" Akikosa maneno, sentensi yako haijamfikia. Pengine pia hujawahi kuomba. Kusema "ukisikia mtu ana shida ya stima, nitumie" si aibu.

*Mtu ameandika maoni ya uongo kwenye Google.* Jibu kwa upole na ukweli mfupi: "Sioni kazi hii kwenye daftari langu. Tafadhali nipigie ili nielewe." Ripoti kama yanavunja kanuni. Usitukane, jibu lako linasomwa na mteja wa kesho.

*Mtu anatumia picha zangu au jina langu.* Hifadhi picha za skrini zenye tarehe, ripoti ukurasa, na watangazie wateja wako nambari moja na till moja pekee ya kulipia. Hapo ndipo jina kuwa sawa kila mahali linapokuokoa: ni vigumu kwa mwigaji kuiga jina linalotokea kwenye M-Pesa.

*Nimelazimika kubadilisha nambari.* Usiitupe ya zamani. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha nambari inayoweza kuwaarifu unaowasiliana nao. Iweke laini ya zamani ikitumika kwa miezi kadhaa, maana laini isiyotumika hufungwa na kuuzwa upya, na simu za wateja wako zitaingia kwa mtu usiyemjua.

*Kampuni inataka kunipa kazi lakini inadai ankara ya eTIMS.* eTIMS ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Utahitaji PIN ya KRA na kujisajili kwenye mfumo huo, hata kama wewe ni mdogo. Kampuni haziwezi kuhesabu matumizi yao kwenye kodi bila ankara hiyo, kwa hiyo wasipoipata watamwita mwingine. Jisajili kabla hujaitwa, si siku ya kulipwa.

*Bei yangu inaonekana juu kuliko ya wengine.* Usishushe papo hapo, kwa sababu ukishusha nusu ndani ya dakika moja umekiri kwamba ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha. Punguza kazi: "Kwa 5,000 naweza kubadilisha swichi na breka, lakini waya utabaki wa zamani, na sitauwekea dhamana." Kama kilichobaki ni cha hatari, kwa mfano ule waya wa 1.5 kwenye hita, kataa kazi na ueleze kwa nini.

*Mteja hataki kulipa salio.* Piga simu, kisha tuma meseji yenye kiasi, tarehe na nakala ya kwotesheni aliyoikubali. Usiende kung'oa ulichofunga. Hilo linaweza kukugeuza mshtakiwa. Usimwanike mtandaoni pia. Mpe siku saba kwa maandishi. Zikipita, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Utakachobeba ni zile karatasi ambazo umekuwa ukizitengeneza tangu Hatua ya 3: kwotesheni, "sawa" ya mteja, risiti ya hadiwea, picha za kabla na baada, na ukurasa wa daftari wenye tarehe.